Kibodi ya Restituta wa Ilula

Mmeniomba niandike, wanangu wa ofisi ya Soweto, hapa Mbeya. Mmesema, "Mama Tusa, usiondoke hivi hivi, tuachie kumbukumbu." Nimeshangaa kweli, maana nilipokuwa hapo, kila nikianza kusimulia mlikuwa mnaziba masikio kwa vile vispika vyenu. Haya. Nimestaafu, chai ninayo, na asubuhi za Mbeya siku hizi zina ukungu mzito hata geti langu silioni. Nitaandika. Mtu asitafute humu habari za vyeo wala mshahara, hayo mkamuulize mhasibu.

Nilijifunza kupiga chapa Iringa mjini, kwenye chumba chenye madirisha yanayotazama mawe makubwa ya mlimani. Mwalimu wetu alikuwa Mzee Kalinga, mtu mfupi, mpole, mwenye koti moja. Siku ya kwanza alituletea vitambaa vyeusi vyenye kamba, akavifunga juu ya mashine zetu, vikafunika herufi zote. Tukaambiwa tuingize mikono chini ya kitambaa tuandike. Mimi Mnyakyusa kutoka Tukuyu, Kiswahili chenyewe bado nakitafuta, halafu naambiwa nikiandike gizani! Nililia. Mzee Kalinga akanipa leso yake, akasema, "Lia, binti, lakini vidole viendelee." Vikaendelea. Baada ya muda nikagundua kwamba nikifumba macho kabisa ndiyo naandika vizuri zaidi. Maneno yanapita masikioni, yanashuka mabegani, yanatokea kwenye ncha za vidole, na mimi mwenyewe niko mbali, nimekaa mahali patulivu nasikiliza mvua. Tabia hiyo imenifuata kazini maisha yangu yote. Mliofikiri nasinzia mezani, sasa mmejua.

Kushoto kwangu alikaa Restituta, Mhehe wa Ilula, binti wa wauza nyanya. Huyo hakuweza kuandika neno bila kulitamka. Akiandika barua ya mazoezi ya kuomba likizo, darasa zima linasikia anaomba likizo. Mzee Kalinga alikuwa akisimama nyuma yake na kusema kwa unyonge, "Restituta, mashine inapigwa kwa vidole, si kwa mdomo." Naye anajibu, "Samahani, mwalimu, mdomo ndio unavionyesha vidole njia." Tulicheka hadi kitambaa kinafunguka. Hakumaliza mafunzo. Mama yake aliugua, akarudi Ilula kushika meza ya nyanya kando ya barabara kuu, na sauti yake ikapata kazi inayoifaa. Basi likisimama, yeye ndiye aliyekuwa anasikika hadi kiti cha nyuma. Abiria waliolala walikuwa wanaamka wameshanunua tenga zima.

Mimi nikaingia maofisini. Iringa kwanza, kisha Mafinga, kisha Mbeya. Mafinga naikumbuka kwa harufu ya misonobari na vumbi la mbao. Viwanda vya mbao vilikuwa karibu, unga wake unaingia kila mahali, unakaa katikati ya vyuma vya mashine, herufi zinanata. Kila Jumatatu nilikuwa naisugua mashine yangu kwa mswaki uliochovywa mafuta ya taa. Baridi nayo ilikuwa ya kukata. Nilivaa glavu nilizozitoboa vidoleni, na bosi akaniuliza kama nimekuja kazini au kuvuna viazi. Nikamwambia vyote viwili, ilimradi barua zake zitoke. Ukichapa nakala nne kwa karatasi za kaboni unapaswa kupiga kwa nguvu, na ukikosea umekosea mara nne. Nyie wa kufuta kwa kidole hamuijui hofu hiyo.

Kompyuta zilipofika nilizipiga kwa nguvu ile ile. Fundi akaja kubadilisha kibodi, akarudi tena, mara ya tatu akaniambia, "Mama, hii si mashine ya kukoboa." Zikaja simu za vitufe, ambazo ukitaka herufi moja unabonyeza mara tatu, na ukikubali simu ikusaidie kukisia neno, unaandika habari za nyumbani inakuletea Kizungu usichokijua. Nilikuwa nazima msaada huo mara moja. Nilijiambia simu ni kama mgeni aliyefika jana, hamjui mtu, amsaidie nani?

Ndiyo maana mliponiita Soweto, kwenye kile chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kuniambia kazi ni kuifundisha simu Kiswahili, nilikubali kabla ya kumaliza soda. Mnaikumbuka kazi yenyewe. Kuandika sentensi, maelfu kwa maelfu, jinsi watu wanavyosema, ili mtu akiandika neno moja, kibodi imkisie linalofuata. Tulibishana sana. Lusajo ulikuja na orodha iliyotoka Dar, ndani yake baada ya "pole" kibodi inapendekeza "foleni". Nikakuuliza, Lusajo, baba, foleni ya nani Tukuyu? Huku watu wanapeana pole ya baridi, ya safari, ya msiba. Ukaandika. Ulikuwa msikivu, isipokuwa saa za mchana ukiwa na njaa.

Nitasema jambo ambalo sikuwaambia. Kazi ile ilikuwa tamu, lakini ilikuwa inaniachia ubaridi fulani. Nimeandika "nakupenda" mara nyingi pengine kuliko mtu yeyote Mbeya, na zote zilikuwa za majaribio. Jioni natoka, nafungua kufuli langu, naingia nyumbani. Sikuolewa, sikuzaa, huyo Mama mnayeniita ni kwa sababu ya miwani. Simu yangu mwenyewe ilijaa maneno ya kazi tu. Sikulalamika, nilikuwa nimezoea.

Sasa nirudi kwa Restituta, maana bila yeye sina cha kuwaachia.

Miaka ya karibuni alipata uvimbe kooni. Madaktari wakautoa, akapona, lakini sauti ilikwenda na uvimbe. Restituta! Nilipopata habari nilikaa kitandani nikashindwa kuvua viatu. Nilikwenda Ilula, nikamkuta mezani kwake kando ya barabara, basi limesimama, wenzake wanapiga kelele, naye ameinua nyanya mbili juu, kimya. Mikono nayo ilikuwa imeanza kutetemeka. Nilimpa simu kubwa ya kugusa, nikamwekea kibodi yetu, tukakaa juu ya matenga nikamfundisha. Mwanzoni alikuwa anakosa herufi, anakasirika, anataka kuitupa barabarani. Lakini kibodi ilimsikiliza. Kidogo kidogo ikayashika maneno yake, Kiswahili chake kilichochanganyika na Kihehe, matusi yake ya sokoni, majina ya wateja. Ikafika mahali akigusa herufi moja, neno linakuja, na linalofuata linakuja, na la tatu, anayagusa yanavyokuja, halafu anakugeuzia kioo usome. Ukichelewa kusoma anakupiga bega. Alikuwa amerudi kuongea, jamani. Si kwa sauti, lakini ni yeye.

Alikuwa amemlea Editha, mtoto wa kaka yake Augustino, tangu mama wa mtoto afariki. Editha akasoma uuguzi huku Mbeya, akapata kazi, na akapata mchumba, fundi seremala wa Mafinga. Katika ukoo wao kuna desturi. Mchana wa send-off, kabla watu hawajaenda ukumbini, binti hupiga magoti uani mbele ya shangazi yake na kumuuliza maswali anayoyataka, mbele ya pande zote mbili. Shangazi hujibu hapo hapo. Haandikiwi majibu, hasemewi na mtu, na hajui ataulizwa nini. Swali la mwisho tu ndilo linajulikana: binti huuliza, "Shangazi, niende?" naye hujibu, "Nenda." Asipojibu shangazi, binti huhesabiwa kuwa ametoka nyumbani bila kuagwa.

Restituta aliisubiri siku hiyo kwa miaka. Aliniandikia, "Nitamjibu mwenyewe. Nimefanya mazoezi."

Wiki yenyewe ya sherehe Editha akanipigia. "Shikamoo, shangazi Tusa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

"Baba ameiosha simu ya shangazi."

Nikafikiri ameitumbukiza kwenye ndoo. Heri angeitumbukiza! Augustino alikuwa amepaka nyumba rangi, amefyeka ua, amenyoosha geti, na kwa upendo wake akaona simu ya dada yake nayo ni nzito na imejaa takataka, haifai kwa sherehe. Akaipeleka mjini kwa fundi, akamwambia aioshe iwe mpya. Fundi akaifuta yote. Ilirudi ina kasi, inang'aa, na haimjui Restituta kabisa. Meseji zimefutika. Kibodi imekuwa mgeni aliyefika jana. Kwa ile mikono inayotetemeka, salamu moja ilikuwa inamchukua muda wa kuchemsha maharage.

"Shangazi amesema nini?" nikauliza.

"Hajasema, shangazi. Amegeukia ukutani."

Nilikupigia wewe, Lusajo, nikiwa tayari stendi. Ukasema, "Mama, yamekwenda hayo. Hayakuhifadhiwa popote." Nikakuuliza kama naweza kuyarudisha kwa kuyaandika upya. Ukasema ndiyo, nikiyapata, ila niyaandike kwa vidole, kwenye simu ile ile, maana kibodi haijifunzi kwa kubandikiwa. "Na Mama, usiruke yanayojirudia. Kujirudia ndiko kunakofundisha." Hiyo ndiyo siku uliyonilipa kwa chapati zote ulizonilia.

Niyapate wapi? Nilitazama misonobari ya Mafinga ikipita dirishani, safu baada ya safu, mwanga ukiingia na kutoka, nikawa kati ya usingizi na macho. Ndipo nikakumbuka kwamba maneno aliyoyasema mtu hayabaki kwake. Yako kwa waliosemeshwa.

Nilipofika Ilula nilimkuta Augustino amekaa kwenye ngazi, rangi ya nyumba ikiwa mbichi bado, uso umemshuka. "Dada Tusa, nilitaka kumfurahisha," akasema. Nikamwambia, "Najua. Inuka, nenda barabarani, waite wote aliokuwa anawatumia meseji. Waje na simu zao."

Walikuja. Wauza nyanya wenzake, majirani wa jumuiya, kondakta mmoja wa basi aliyekuwa mteja wake, na Editha mwenyewe. Nikakaa barazani, simu ya Restituta mapajani, vidole gumba viwili tayari. Restituta nikamweka kwenye kiti pembeni yangu. Wakawa wanasoma kwa zamu meseji alizowahi kuwatumia, nami naandika.

Alianza Mama Shukuru, jirani yake wa meza, na ile salamu yao ya Kihehe. "'Kamwene. Leo nyanya zako ni za kupigia watu mawe, usimuuzie mzee wa Fuso.'" Watu wakacheka. "'Mwambie yule wa miwani tenga lake liko chini ya turubai, na asinipigie simu, ananipigia bubu, anategemea nini?'" Wakacheka zaidi. Restituta mabega yakaanza kutikisika, akicheka bila sauti, machozi yanamtoka.

Mkono wangu ulitaka kusahihisha. Kazi yangu yote imekuwa kunyoosha lugha za watu, na huyu mwanamke aliandika alivyozungumza, nusu Kihehe, sentensi hazina kichwa wala miguu. Nikaacha kila kitu kilivyo. Nikafumba macho kama chini ya kile kitambaa cheusi cha Mzee Kalinga. Sauti zilikuwa zinabadilika, ya mama, ya kondakta, ya kizee wa jumuiya, lakini aliyekuwa anaongea ni mmoja. Nilimsikia kabisa. Nilimsikia akiwa binti, kushoto kwangu, akiomba likizo ambayo hakuna aliyempa. Jua likahama kutoka ngazi hadi ukutani, harufu ya rangi ikachanganyika na ya nyanya zilizoiva, mtu akaniwekea uji, ukapoa. Sijui niliandika kwa muda gani.

Zamu ya Editha ilikuja ya mwisho. Miaka yote ya chuo na kazi, Ilula na Mbeya, Mbeya na Ilula, kila safari shangazi yake alikuwa amemtumia meseji ile ile. "'Editha ukifika niambie.'" Akasoma nyingine. "'Editha ukifika niambie.'" Akanitazama. "Shangazi, ziko nyingi hivi hivi. Niruke?"

"Usiruke," nikasema.

Akazisoma zote, nikaziandika zote. Mwisho vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Na nilikuwa naona wivu. Mtu mzima mimi, nimekwenda na kurudi barabara hiyo maisha yangu yote, hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimefika.

Tulipomaliza nikampa Restituta simu. Akagusa kwa kidole chake kinachotetemeka, mara moja, mara ya pili, ya tatu, akanigeuzia kioo. "Kamwene Tusa umezeeka." Nilimkumbatia nikamwambia amezeeka mwenyewe.

Siku ya siku ua ulijaa. Wageni wa Mafinga upande mmoja, wa Ilula upande mwingine. Editha akapiga magoti kwenye mkeka, Restituta kitini na kitenge chake kipya. Augustino alisimama nyuma ya nguzo, hakutaka kuonekana.

"Shangazi, nikikosea kule, nifanye nini?"

Restituta akagusa, akagusa, akampa simu. Editha akasoma kwa sauti: "'Omba msamaha upesi. Mimi sikuwa naomba upesi, uliza watu wa hapa.'" Kicheko kikapita uani.

"Na nikikosewa?"

"'Sema. Usinyamaze. Kunyamaza niachie mimi.'" Hapo wazee wa Mafinga wakatazamana, na bwana harusi akainamisha kichwa.

"Nikikukumbuka?"

"'Njoo na tenga tupu.'"

Likaja la mwisho. "Shangazi, niende?"

Neno ni moja tu, hata mtoto angeliandika. Restituta akaishika simu. Nilikuwa karibu, nilikiona kioo. Aligusa herufi moja, jina la Editha likaja, akaligusa. Chini yake kibodi ikapendekeza lililozoea kufuata. Akasimama hapo, kidole hewani. Akalitazama lile neno, akanitazama mimi. Halafu akaligusa, na lililofuata nalo akaligusa, akampa binti.

Editha alisoma kwa macho, akafungua mdomo, akashindwa. Akainamia magoti ya shangazi yake. Ikabidi Augustino atoke nyuma ya nguzo, akaichukua simu mkononi mwake, akaisogeza mbali kidogo kwa sababu ya macho, akasoma ili wote wasikie: "'Editha ukifika niambie.'"

Hakuna aliyesema kwamba siyo jibu la desturi. Mama Shukuru alianza vigelegele, na ua wote ukaitikia.

Kesho yake nilipanda basi la Mbeya. Nililala, nikaamka Makambako, nikalala tena, nikaona tambarare ya Usangu imejaa mwanga na ng'ombe wadogo kwa mbali, nikawa sijui kama naota. Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa kutoka kwa Restituta. "Tusa ukifika niambie."

Nilifika nyumbani jioni, nikafungua kufuli, nikakaa kitandani na koti langu bila kuwasha taa. Nikaanza kuandika, n, i, m, e. Kibodi yangu, niliyoilea mimi mwenyewe, ikaniletea inayoyajua: nimepokea, nimetuma, nimemaliza. Nikatafuta nimefika, haikuwepo. Basi nikaliandika mwenyewe, herufi kwa herufi, nikamtumia.

Siku hizi nakwenda Ilula na kurudi mara kwa mara, sina kazi nyingine. Nikiandika tu n, lenyewe linakuja la kwanza.